Mashine imegoma: kutafuta chanzo cha matatizo ya hifadhidata kwenye duka dogo

Mteja wa Mwanga au Ujiji hakupigii simu kukwambia kwamba hifadhidata ina hitilafu. Anakwambia mashine imegoma. Hajui, na wala si kazi yake kujua, kama kilichogoma ni programu uliyomwandikia, ni Windows, ni waya wa mtandao au ni faili linalotunza mauzo yake. Kazi hiyo ni yako, na mara nyingi unaifanya kwa simu, wewe uko Kasulu na yeye yuko Kigoma mjini, watu wamepanga foleni mbele ya kaunta.

Maelezo haya ni kwa fundi anayeandika au kufunga (kusakinisha) programu za kompyuta kwa wateja wa aina hiyo: duka la jumla, duka la dawa, stoo ya mawese na dagaa, kikundi cha kuweka na kukopa. Nimeyapanga kwa dalili, kama zinavyosikika kwenye simu. Ila kuna maswali mawili ya kuulizwa kabla ya dalili yoyote, maana ukiyajibu vibaya siku ya kwanza utakuwa unatibu matokeo yake kila wiki.

La kwanza: ni mashine ngapi zitaandika kwa wakati mmoja? La pili: wewe ukishaondoka, nani anabaki na hiyo hifadhidata?

Mashine ikiwa moja, weka hifadhidata ya SQLite na usijisumbue. Hakuna huduma ya kuwasha, hakuna mlango wa mtandao (port) wa kufungua, hakuna neno la siri la seva la kusahaulika. Ni faili moja linalosomwa na programu yako yenyewe, na haina leseni ya kulipia. Zikiwa mbili au zaidi, unahitaji seva ya kweli: Firebird, PostgreSQL, MariaDB au SQL Server Express. Mimi kwenye mashine dhaifu, zile za RAM ya GB 4 zilizonunuliwa mtumba, napendelea Firebird kwa sababu ni nyepesi na inakubali hata Windows ya biti 32. SQL Server Express ni nzuri kama programu yako ni ya .NET, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu, na mashine ina nafasi ya kupumua. MySQL soma leseni yake kwanza ikiwa utaigawa pamoja na programu ambayo hutaki kuonyesha msimbo wake (source code). Access kwa kazi mpya siipendekezi: faili lake linakomea GB 2, na likishirikiwa kwenye mtandao wa duka halina uvumilivu.

Ukubwa wa data usikutishe. Piga hesabu. Duka linalotoa risiti 300 kwa siku, kila risiti mistari 4, linaandika mistari 1,200 kwa siku. Kwa siku 360 ni mistari 432,000 kwa mwaka. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, basi tuseme mistari 2,160,000. Kila mstari ukichukua baiti 200, ni kama MB 432; ongeza faharasa (index) na majedwali mengine, bado hujafika GB 1. SQL Server Express hadi toleo la 2022 inaruhusu GB 10 kwa hifadhidata moja, na toleo la 2025 limepandisha hadi GB 50. Kwa hiyo anayekwambia duka lile ni kubwa mno kwa SQLite, muulize anazungumzia ukubwa wa faili au wingi wa kaunta. Ni mambo mawili tofauti.

"Fundi, mashine imegoma"

"Shikamoo mama. Pole. Hebu nisomee kilichoandikwa kwenye kioo."

"Kizungu kirefu, mwanangu. Nimeshakifunga."

Hapo huna cha kufanya. Kwa hiyo kabla ya kufunga programu kwa mteja yeyote, hakikisha kila hitilafu inaandikwa kwenye faili la kumbukumbu: saa, jina la mashine, ujumbe kamili wa hifadhidata, na namba ya hitilafu. Weka na kitufe cha kunakili ujumbe wa mwisho ili autume kwa WhatsApp. Ujumbe wa "Samahani, kuna tatizo" ni wa adabu lakini haumsaidii mtu, wewe wala yeye.

"Inaandika database is locked"

Huyu anatumia SQLite. Ndani ya SQLite mwandishi ni mmoja tu kwa wakati mmoja; wa pili akija anasubiri au anarudishwa. Usipoiambia isubiri, inamrudisha papo hapo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni amri ya mipangilio, `PRAGMA busy_timeout = 5000`, yaani subiri hadi sekunde 5, na liwekwe kila unapofungua muunganisho, kwa sababu halihifadhiwi ndani ya faili. La pili ni `PRAGMA journal_mode = WAL`, yaani maandishi mapya yanawekwa kwanza kwenye faili la pembeni, ambayo inawaacha wasomaji waendelee kusoma wakati mmoja anaandika.

Ikiendelea baada ya hapo, tafuta muamala (transaction, maandishi yanayoingia yote kwa pamoja au yasiingie kabisa) ulioachwa wazi kwenye msimbo wako. Kawaida ni hivi: programu inaanza muamala, inafungua dirisha la kuuliza "Mteja amelipa?", halafu kijana wa kaunta anaenda kupima mzigo nyuma. Muda wote huo hifadhidata imeshikwa. Uliza maswali yote kwanza, ndipo uanze muamala, uandike, umalize.

Angalia pia faili limekaa wapi. Likiwa ndani ya Documents na OneDrive imewashwa, kuna programu nyingine inalishika kila likibadilika. Lihamishe.

Lakini ukikuta faili liko kwenye folda iliyoshirikiwa, kaunta mbili zote zinalifungua kupitia mtandao, acha kutafuta. Umefika. Namna Windows inavyoyawekea mafaili kufuli kwenye mtandao haiaminiki vya kutosha kwa kazi hii, na WAL haifanyi kazi kabisa kati ya kompyuta mbili kwa sababu inategemea kumbukumbu inayoshirikiwa ndani ya mashine moja. Leo ni "locked", kesho ni faili lililoharibika. Hamia kwenye seva, hata kama mteja anaona ilikuwa inafanya kazi vizuri tu mwezi uliopita.

"Kaunta ya pili haioni seva"

Swali la kwanza kwenye simu: je, mashine kubwa, ile yenye seva, yenyewe inauza? Ikiwa inauza, hifadhidata ni nzima, na unachotafuta ni njia. Usiguse data.

Swali la pili: mashine kubwa imelala? Ukisikia "asubuhi inafanya kazi, tukirudi kutoka kula haifanyi", chanzo karibu kila mara ni mpangilio wa Windows wa kulala baada ya dakika kadhaa bila kuguswa. Laptopu inayotumika kama seva ndiyo yenye tabia hii zaidi, na kuna mwenye kufunga kifuniko chake ili vumbi lisiingie. Zima kulala, weka kifuniko kikifungwa kisifanye kitu.

La tatu ni anwani. Umeme ulikatika usiku, ruta ikawaka upya, ikagawa anwani za IP upya; seva iliyokuwa 192.168.1.10 sasa ni 192.168.1.14, na kaunta bado inapiga hodi kwenye nyumba ya zamani. Ingia kwenye ruta uitengee seva anwani ya kudumu.

Vikiwa sawa vyote hivyo, jaribu mlango wenyewe. Kwenye kaunta fungua PowerShell uandike:

`Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 1433`

Weka 1433 kwa SQL Server, 3050 kwa Firebird, 3306 kwa MySQL na MariaDB, 5432 kwa PostgreSQL. Jibu la `TcpTestSucceeded` likiwa True, mtandao hauna kosa. Nenda kwenye jina la mtumiaji na neno la siri. Likiwa False, ama huduma haisikilizi au Windows Firewall imezuia. Usitegemee ping, amri inayouliza tu kama mashine ipo, peke yake, maana Windows inaweza kuizuia ping huku mlango wa hifadhidata uko wazi, na kinyume chake.

Windows Firewall ina mtego mmoja unaowapata wengi. Ulifungua mlango kwa mtandao wa aina ya Private. Mteja akanunua ruta mpya, Windows ikauona ni mtandao mgeni na kuuweka Public. Kanuni yako ipo palepale, haitumiki tu. Badilisha aina ya mtandao, usizime ulinzi wote.

SQL Server Express ina mambo yake. Ikishasakinishwa, TCP/IP, yaani njia ya kuifikia kwa mtandao, imezimwa. Lazima uiwashe kwenye SQL Server Configuration Manager. Halafu haikai kwenye 1433 bali inachukua mlango wowote kila inapowaka, na huduma ya SQL Server Browser inayowaelekeza wageni kwa UDP 1434 nayo huja imezimwa. Mimi huiacha Browser ilale. Kwenye sehemu ya IPAll nafuta kilichoandikwa TCP Dynamic Ports, naandika 1433 kwenye TCP Port, nawasha huduma upya, na kwenye programu naandika `192.168.1.10,1433`. Ni mkato, si nukta pacha.

Ukiona hitilafu namba 18456, umeshafika mlangoni ila umekataliwa kuingia. Ujumbe wa upande wa kaunta haukwambii kwa nini, kwa makusudi. Sababu iko kwenye faili la ERRORLOG la seva, kwenye neno State: 5 mtumiaji hayupo, 8 neno la siri si lenyewe, 38 hifadhidata uliyoitaja haipo au haifunguki, 58 seva inakubali watumiaji wa Windows tu na wewe umekuja na jina la SQL. Hiyo ya 58 ndiyo ya maduka yetu, kwa kuwa kompyuta hazijaunganishwa kwenye domeni (usimamizi wa pamoja wa watumiaji wa Windows); weka Mixed Mode, inayokubali aina zote mbili.

Kwa MySQL na MariaDB ujumbe ni "Host ... is not allowed to connect". Mtumiaji uliyemtengeneza ni wa localhost, yaani wa ndani ya mashine ya seva tu. Tengeneza mwingine kwa ajili ya mtandao wa duka, mwenye haki za hifadhidata hiyo moja tu, na root (mtumiaji mkuu) iache ibaki ndani. PostgreSQL inahitaji sehemu mbili: `listen_addresses` kwenye postgresql.conf, na mstari wa mtandao wenu kwenye pg_hba.conf. Firebird ukishafungua 3050 huwa haina maneno mengi, ila kumbuka njia ya faili unayoandika kwenye kaunta ni njia kama inavyoonekana na seva, `C:\Data\duka.fdb`, si folda iliyoshirikiwa.

"Kijana wa jioni haoni mauzo ya asubuhi"

Mashine moja, watumiaji wawili wa Windows, kila mmoja ana mauzo yake. Mteja anaanza kuwashuku vijana wake, na hapo ndipo unapotakiwa kuwahi.

Faili la data limewekwa ndani ya Program Files. Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika pale, na kwa programu za zamani za biti 32 badala ya kukataa inamtengenezea nakala yake ya siri chini ya `AppData\Local\VirtualStore`. Asubuhi inaandika kwenye nakala moja, jioni kwenye nyingine. Programu ambazo hazipati huruma hiyo hupata ujumbe wa "attempt to write a readonly database". Weka data ndani ya `C:\ProgramData\JinaLaProgramu`, na kisakinishi chako kiwape watumiaji wote ruhusa ya kubadilisha folda hiyo, kwa sababu bila kuambiwa Windows humruhusu aliyelitengeneza faili tu. Kisha kusanya yale yaliyomo kwenye VirtualStore ya kila mtumiaji uyaunganishe. Hakuna kilichoibiwa.

"Umeme ulikatika, sasa haifunguki"

Kigoma iliendeshwa miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa, na kukatika kwa umeme bado ni jambo la kupangia. UPS (betri ya akiba) kwa mashine ya seva ihesabiwe kwenye bei ya programu, si kama nyongeza ya hiari.

Tukio likishatokea, kanuni ni moja: nakili kwanza, ndipo uguse. Toka kwenye programu, chukua folda nzima ya data, iweke sehemu nyingine, na ufanyie kazi nakala.

Kwa SQLite, utakuta faili kuu na pembeni yake kuna mengine yanayoishia `-journal`, au `-wal` na `-shm`. Yanaonekana kama takataka. Usiyafute. Ndani ya `-journal` kuna njia ya kurudisha muamala uliokatika katikati. Ndani ya `-wal` kuna mauzo ambayo hayajaingia kwenye faili kuu. Yabaki pamoja na majina yale yale, kisha fungua hifadhidata kwa kawaida, itajitengeneza. Halafu endesha `PRAGMA integrity_check`. Likirudi neno `ok`, umemaliza. Ikisema "database disk image is malformed", tumia amri ya `.recover` ya programu ya sqlite3 kuhamishia yanayookoleka kwenye faili jipya.

Kuna kisa cha pili, kidogo zaidi: inafunguka vizuri lakini risiti mbili tatu za mwisho hazimo, na karatasi mteja anayo mkononi. Angalia `PRAGMA synchronous`. Ukiwa kwenye WAL na umeiweka NORMAL, faili haliharibiki ila miamala ya mwisho inaweza kupotea umeme ukikatika. Kwa duka, weka FULL. Hutaona tofauti ya kasi kwa risiti 300 za siku nzima.

XAMPP, kifurushi kinachosakinisha seva ya tovuti na hifadhidata kwa mpigo, ni hadithi nyingine. Imejaa madukani kwa sababu ndiyo tuliyojifunzia, na waliotengeneza wenyewe wanasema ni ya kufanyia majaribio, si ya kazi ya kweli. Ukiona "MySQL shutdown unexpectedly", soma kwanza `mysql_error.log`, pengine ni mlango 3306 umechukuliwa na MySQL nyingine. Ushauri unaozunguka mtandaoni wa kufuta `ibdata1` ukwepe kabisa. Faili hilo ndilo linalobeba orodha ya majedwali ya InnoDB, injini ya kuhifadhi ya MySQL na MariaDB, na bila hilo majedwali yako yanabaki yatima. Ikishapona, hamisha data kwenye MariaDB iliyofungwa kama huduma ya Windows, yenye neno la siri.

"Siku hizi ni nzito"

Uliza kama imekuwa nzito tangu mwanzo au imezidi polepole.

Ikiwa ni mauzo ya kwanza ya asubuhi tu, na ni SQL Server Express, tazama AUTO_CLOSE. Express huwa inaiwasha, hifadhidata inafungwa ikikosa mtu na kufunguliwa upya kila anapokuja. `ALTER DATABASE Duka SET AUTO_CLOSE OFF`.

Ikiwa imezidi polepole, mara nyingi ni msimbo wako: dirisha la mauzo linavuta jedwali zima tangu siku ya ufunguzi ili kuonyesha risiti za leo. Vuta za leo tu, na weka faharasa kwenye safu ya tarehe na ya namba ya bidhaa. Kwa Firebird, muamala uliofunguliwa asubuhi ukaachwa wazi hadi jioni unazuia matoleo ya zamani ya mistari yasisafishwe, na kila usomaji unayapitia. `Gstat -h` itakuonyesha pengo kati ya Oldest transaction na Next transaction. Na kama unaweka picha za wanachama ndani ya hifadhidata, zitoe, weka njia ya faili.

"Inakwama kusakinisha"

Kabla hujapanda gari, shusha kisakinishi kamili. Kile kidogo cha SQL Server Express hushusha mamia ya MB kikiwa kwa mteja, kwa bando lake. Chagua Download Media ukiwa nyumbani. Beba pia Visual C++ Redistributable, MySQL inaidai.

Windows 7 yenye SP1 inakomea SQL Server 2014, na hiyo ndiyo ya mwisho kuwa na toleo la biti 32. "Microsoft.ACE.OLEDB.12.0 provider is not registered" maana yake ama injini ya Access haijasakinishwa, au haina biti sawa na programu yako; lazima zote ziwe 32 au zote 64.

Laptopu mpya yenye Windows 11 ina yake: SQL Server inafika mwisho wa usakinishaji halafu inasema "Wait on the Database Engine recovery handle failed". Andika `fsutil fsinfo sectorinfo C:`. Namba za PhysicalBytesPerSector zikizidi 4096, diski inajitangaza kwa sekta ambazo SQL Server haizikubali. Microsoft wana suluhisho la rejista, `ForcedPhysicalSectorSizeInBytes` chini ya stornvme (kiendeshi cha diski za NVMe), thamani `* 4095`, kisha uwashe kompyuta upya na kuondoa usakinishaji ulioshindikana kabla ya kurudia.

"Mzigo umeisha lakini mashine inasema upo"

Dagaa walikuwa kilo 1, wameuzwa kwa kumi za gramu 100, na salio linasoma 0.00000000000000013. Umehifadhi uzito kama namba ya desimali inayoelea (float), na 0.1 haina umbo kamili kwenye mfumo wa jozi (0 na 1) wa kompyuta. Hifadhi gramu na shilingi kama namba kamili, gawanya wakati wa kuonyesha tu.

Mauzo ya tarehe 3 Aprili yakionekana Machi 4, unahifadhi tarehe kama maandishi na kaunta moja ina Windows ya mpangilio wa Kimarekani. Andika 2025-04-03 kwenye hifadhidata, siku zote. Yakirudi miaka mingi nyuma, betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa.

"Nakala ninazo kwenye flashi"

Mwambie aichomeke, ufungue mbele yake. Yanayopatikana humo ni: njia ya mkato ya programu badala ya data, faili la SQLite lililonakiliwa programu ikiwa wazi, bila `-wal` yake, au nakala zilizokoma mwezi fulani kwa sababu flashi ni ya mpangilio wa FAT32, usiobeba faili la kuzidi GB 4, na faili limevuka hapo.

Nakala itengenezwe na hifadhidata yenyewe: `VACUUM INTO` kwa SQLite, `gbak` kwa Firebird, `pg_dump` kwa PostgreSQL, `mysqldump` kwa MySQL, `mariadb-dump` kwa MariaDB. SQL Server Express haina Agent ya kupanga ratiba, basi tumia Task Scheduler ya Windows pamoja na `sqlcmd`. Ratiba iwe wakati wa kufunga hesabu jioni, duka likiwa bado na mtu, maana saa nane za usiku mashine imezimwa. Flashi mbili, moja inalala nyumbani kwa mwenye duka. Na kabla ya kudai malipo ya mwisho, chukua nakala ya jana uirudishe kwenye laptopu yako, ufungue programu, ulinganishe jumla ya mauzo na daftari lake.